Kwa nini watoto hupiga kelele badala ya kuimba kwenye jioni ya familia kanisani?

"Shikamoo Mwalimu. Nimepewa jukumu la kuandaa jioni ya familia kanisani kwetu. Tuna saa mbili tu: wazazi na watoto watengeneze vitu vya mikono kwa majani, mbegu na vijiti, kisha tuimbe pamoja. Mara ya mwisho ilikuwa vurugu. Watoto walitengeneza manyanga, wakayatikisa mwanzo hadi mwisho, wakaimba kwa kupiga kelele mpaka wengine sauti zikakauka kwa siku mbili. Wazee walilalamika. Binti yangu wa miaka 6 anaimba noti moja tu, na mwanakwaya mmoja ameniambia hakujaliwa sauti, nisimlazimishe. Kaka yake wa miaka 13 amekataa kabisa kuimba tangu sauti ianze kumkatika. Wapo wanaosema watoto wapewe yai bichi kabla ya kuimba ili koo lilainike. Je, tuanze na kuimba au na kazi za mikono? Na hivi kweli mambo haya mawili yanapatana?"

Marahaba, mama. Yanapatana, tena sana, ila yanahitaji kupangwa na mtu anayefikiria masikio ya watoto kabla ya makoo yao. Nikisoma maelezo yako sioni watoto wakorofi wala makoo mabovu. Naona mambo mawili yaliyowaangusha: noti mliyoanzia nyimbo, na makelele yaliyojaa masikioni mwa kila mtu wakati wa kuimba. Binti yako na kaka yake ni habari nyingine, nitawafikia.

Tuanze na noti. Nani alianzisha nyimbo siku ile? Nabashiri ni baba mmoja wa sauti ya nne, yaani besi, au mama wa alto, yaani sauti ya pili, akaanzia pale panapompa raha yeye. Watu wazima wengi tukianzisha wimbo bila kinanda tunaanzia chini, hasa jioni tukiwa tumechoka. Kusanyiko likaimba kwa starehe, mtoto ndiye akaumia. Kuna jambo ambalo hata walimu wengi wa kwaya huwa hawalitarajii: mara nyingi mtoto hupiga kelele kwa sababu wimbo uko chini mno kwake.

Ndani ya zoloto, kile kikoromeo unachokigusa shingoni, mna mikunjo miwili laini tunayoiita nyuzi za sauti. Pumzi ikipita katikati yake, nyuzi hizo hugongana mara nyingi kwa sekunde. Mwanamume akizungumza kawaida ni takriban mara 120, mwanamke takriban 200, mtoto mdogo kati ya 250 na 300. Tofauti inatokana na urefu na unene wake. Za mwanamume mzima hufika milimita 17 hadi 25, za mwanamke 12 hadi 17, na za mtoto ni fupi zaidi, tena tabaka zake hazijakomaa. Noti za chini hutaka nyuzi zilizolegea na kunenepa. Mtoto akilazimishwa kushuka huko, hutumia uzito wote alionao, ile sauti ya kifua anayomwitia mwenzake uwanjani. Wimbo ukianza kupanda, naye anapanda na uzito ule ule, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Shingo inakaza, kidevu kinainuka, na kinachotoka ni ukelele. Akianzia juu kidogo, nyuzi hunyooka na kuwa nyembamba, zikagusana kwa kingo tu. Hapo sauti ya kichwa huja yenyewe, nyepesi, na mtoto anaweza kuimba muda mrefu bila kuchoka.

Kwa hiyo panga nyimbo zikae kati ya D iliyo juu tu ya C ya katikati ya kinanda na D inayofuata juu yake. Wimbo unaotoka doh, noti ya kwanza ya ngazi ya sol-fa (doh, reh, mi, fah, soh, lah, te), hadi doh ya juu, weka doh ni D, au E flati, ile noti nyeusi iliyo juu tu ya D, ukiona watoto wako wako vizuri. Wimbo unaoshuka hadi soh ya chini na kuishia soh ya kati, weka doh ni G. Kina baba wataimba hivyo hivyo oktavu moja chini, yaani kutoka doh ile hadi doh iliyo chini yake, bila taabu. Alto ndio watakaonung'unika kidogo, na jioni moja ya kunung'unika haijaua alto yeyote ninayemfahamu. Anayeanzisha wimbo awe mama au mtoto mkubwa mwenye uhakika wa noti. Watoto wadogo hulinganisha sauti zao kwa urahisi zaidi na sauti ya mwanamke au ya mtoto mwenzao; baba akianzisha oktavu moja chini, baadhi yao hujaribu kumfuata huko huko.

Sasa manyanga. Mwaka 1911 daktari wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo leo linaitwa kwa jina lake: mtu akizungukwa na kelele, huinua sauti bila kukusudia, kwa sababu hajisikii. Hata umwambie asipaze, atapaza. Weka watoto thelathini, kila mmoja na nyanga lake mkononi, katika jengo la sakafu ngumu na kuta tupu ambamo mlio mmoja unabaki hewani sekunde mbili au zaidi. Kabla mtikiso wa kwanza haujafa, wa pili umeshaupanda. Mtoto hasikii sauti yake wala ya mama aliye karibu naye, basi anasukuma. Wazee wenu hawakulalamika bure.

Sikwambii uyafute manyanga, maana watoto wakinyimwa chombo walichokitengeneza kwa mikono yao watanuna, na ni haki yao. Yatawaliwe. Kila nyanga likiisha kufungwa liingie kikapuni, litoke kwenye kiitikio tu, na litikiswe kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo ya wimbo, badala ya kuchachatika mfululizo. Kiongozi akifunga ngumi, manyanga yote yanalala mapajani. Fanyeni zoezi hilo bila wimbo kwanza. Watoto hulifurahia kuliko unavyodhani. Punguzeni kelele pia wakati wa kutengeneza: chombo kijazwe robo tu, kwa sababu mbegu hulia zikisafiri, na chombo kilichojaa hutoa mkwaruzo wa kuziba. Mbegu ndogo ndani ya ganda jembamba hutoa sauti ya mchanga, tulivu, inayokaa chini ya kuimba. Mbegu kubwa ndani ya kibuyu kigumu hugonga, na manyanga kumi tu ya namna hiyo yanatosha kufunika sauti ya kwanza nzima.

Mbegu ziwe kavu kweli. Ikandamize kwa ukucha: ikiacha alama, bado ina maji, na baada ya wiki mbili mtoto atakuletea nyanga lenye ukungu na fukusi. Waombe wazazi waje na vitu vilivyokwisha kuanikwa siku kadhaa, msiokote jioni ile ile. Msitegemee gundi nyeupe pia, kwa kuwa haikauki upesi kiasi cha kutikiswa usiku huo. Fungeni kwa kamba ya katani, mizunguko mitatu na fundo.

Kama ningekuwa na nafasi ya chombo kimoja tu, ningechagua filimbi za matete au mianzi myembamba. Hizo zinafundisha sikio badala ya kulichosha. Kata bomba lenye kifundo upande mmoja, ili liwe limezibwa chini na wazi juu, kisha puliza kwa kukatisha mdomo wake. Urefu wa hewa iliyomo ndio unaoamua noti. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye hewa ya nyuzi joto 20, na mawimbi katika bomba lililozibwa upande mmoja ni marefu mara nne kuliko bomba lenyewe. Kwa hesabu hiyo, sentimita 16.4 zinakupa C ya oktavu moja juu ya ile ya katikati. Ukiifanya hiyo doh, basi reh ni 14.6, mi 13, soh 10.9, lah 9.7, na doh ya juu 8.2, nusu kamili ya ya kwanza. Hewa hutokeza kidogo nje ya mdomo wa bomba, na namna mtu anavyopuliza hubadilisha noti, kwa hiyo vipimo hivi ni vya kuanzia. Kata kisha sikiliza. Noti ikiwa chini mno, sugua mdomo wa bomba kwa msasa taratibu. Ikiwa juu mno umeshakata kupita kiasi, na bomba hilo limpe anayetafuta noti ya juu zaidi.

Nimeacha fah na te kwa makusudi. Doh, reh, mi, soh na lah hazina hatua za nusu, yaani ule umbali mdogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda, baina yake, hivyo watoto wakipuliza yoyote kati ya hizo kwa pamoja haiwi karaha masikioni. Wagawe kwenye vikundi vitano, kila kikundi noti moja, na kusanyiko liimbe juu yake wimbo mfupi wa kupokezana. Matete yaliyokatwa hivi karibuni hubadilika noti yakikauka, basi yawe makavu. Anayepuliza ni mmoja kwa filimbi moja, hakuna kuazimana, kwa sababu mafua huazimwa nayo.

Kazi hiyo ya kupima na kukata ndiyo ningempa kijana wako wa miaka 13, tena bila kumwambia ni ya kumfariji. Zoloto lake linakua kwa kasi, nyuzi zinarefuka na kunenepa, na ubongo bado unaziamuru kwa vipimo vya mwaka jana. Ndiyo maana sauti inamkatika katikati ya neno. Kwa wavulana wengi hali hii huonekana kati ya miaka 12 na 14, huchukua miezi mingi, na mwishoni sauti huwa imeshuka kama oktavu moja. Wasichana nao hubadilika, kiasi kidogo tu, ndiyo maana hawatajwi.

Wapo wanaoamini kijana wa hali hii anyamaze kabisa hadi sauti itulie. Sikubaliani nao. Kuimba kwa upole ndani ya noti alizo nazo hakumdhuru. Kinachomdhuru ni kusukuma. Tatizo ni kwamba noti alizo nazo ni chache, huenda tano au sita, na huhama kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Mwombe ahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kuongea, kisha tafuta noti hiyo kwenye kinanda. Uwanja wake uko hapo na jirani zake. Mpe sehemu ya doh na soh tu, azishikilie chini ya wimbo wakati wengine wanaimba beti. Usimpeleke besi kwa sababu ameanza kuota ndevu. Huko atajifunza kubana zoloto chini ili asikike mkubwa, na tabia hiyo baadaye huwa kazi kuiondoa. Na jioni hiyo mtu yeyote asimwite mbele kuimba peke yake. Hili lisemwe kwa kina mjomba mapema.

Binti yako sasa. Neno "hakujaliwa sauti" hutamkwa kwa wepesi mno kwenye kwaya zetu. Wapo watu ambao ubongo wao hautofautishi noti tangu kuzaliwa, lakini ni wachache sana, na mtoto wa miaka 6 anayeimba noti moja kwa kawaida si mmoja wao. Kusikia noti na kuitoa ni kazi mbili, kama kuuona mpira na kuudaka. Macho hayana kosa, mikono ndiyo haijazoea. Wengi wa watoto hawa wamezoea sauti yao ya kuongea, na hawajagundua kwamba ipo nyingine juu yake.

Usimpigie noti na kumwambia aifuate. Fanya kinyume. Mwache aimbe noti yake, kisha wewe umfuate, mkae hapo pamoja pumzi mbili tatu. Mara nyingi uso wa mtoto hubadilika hapo hapo, maana huenda ni mara ya kwanza kusikia jinsi sauti mbili zinavyokaa pamoja. Ndipo umchukue hatua moja juu. Siku nyingine mlie kama bundi, mteremshe sauti kutoka juu kabisa hadi chini kwa "uuu", ili akutane na sauti ya kichwa kwa mchezo. Tumia soh na mi kabla ya noti nyingine, kwani mteremko huo huwajia watoto kwa urahisi, na umwonyeshe kwa alama za mikono za sol-fa, zile zilizoenezwa Uingereza katika karne ya 19 na John Curwen, aliyejenga mfumo wake wa sol-fa juu ya msingi wa mwalimu Sarah Glover. Mkono ukishuka mbele ya macho, sauti nayo hujua pa kwenda. Dakika tano kwa siku nyumbani zinatosha. Ila kama pia huwa anaomba umrudie maneno, anasogelea redio, au huugua masikio mara kwa mara, apimwe usikivu. Majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na mara nyingi mwalimu hudhani mtoto hasikilizi.

Yai bichi acheni. Kinachomezwa hupita nyuma, kwenye umio, hakigusi nyuzi za sauti. Kingezigusa, mtoto angepaliwa. Kinachozilainisha ni maji ya kutosha mwilini, yaliyonywewa saa kadhaa kabla, ya baridi au ya uvuguvugu. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na kuhara kwa watoto thelathini si namna nzuri ya kumaliza jioni ya familia.

Kuhusu utaratibu, kuna hoja pande zote. Mkianza na kuimba, sauti ziko safi na mikono haijanata, lakini familia zinazochelewa zitakosa. Mkianza na kazi za mikono, watu wanakusanyika polepole na aibu inawatoka, ila mnaimba mkiwa mmechoka, na mtoto mwenye chombo kipya hasikii neno. Mimi ningeanza na kuimba kwa dakika ishirini hivi, nyimbo za kupokezana zisizohitaji karatasi, wazazi na watoto wakiwa wamechanganyika kwenye duara badala ya kukaa kama hadhira. Kisha kazi za mikono kwa muda unaokaribia saa moja, huku watu wazima wakivumisha kwa midomo iliyofumbwa wimbo utakaofuata, ili watoto wauzoee kabla ya kuuimba. Muda uliobaki ni wa kuimba pamoja na vyombo. Jengo lenu likiwa na mwangwi mkali sana, ningeyaacha manyanga kwa siku nyingine ya nje, nikabaki na filimbi na michoro ya majani: jani liwekwe chini ya karatasi, mishipa ikiangalia juu, kisha karatasi isuguliwe kwa ubavu wa krayoni. Ikunjwe, iwe jalada la karatasi ya nyimbo. Hiyo pia ndiyo kazi ya walio chini ya miaka minne, maana mbegu na shanga hazifai kuwa mezani kwao hata mama akiwa karibu. Mapambo ya nyasi kavu na mishumaa visikae meza moja.

Kuna mbegu mbili nataka zikataliwe mlangoni. Ya kwanza ni ya mtipitipi, ile nyekundu inayong'aa yenye doa jeusi. Watu huipenda kwa manyanga na shanga kwa sababu ya uzuri wake, lakini ndani yake mna abrini, sumu kali sana. Ganda zima huzuia sumu kutoka. Likitobolewa au kutafunwa, halizuii tena. Ya pili ni ya mbarika, yenye madoadoa ya kahawia, ambayo ina risini, sumu nyingine kali. Mnyaa na miti mingine yenye utomvu mweupe isikatwe filimbi wala mapambo, kwani utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya.

Mtoto akila mojawapo ya mbegu hizo mbili, mpelekeni hospitali mara moja na mbegu iliyobaki mkononi, hata kama anacheza vizuri, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtoto aliyekuwa na mbegu mdomoni akakohoa ghafla kwa nguvu, kisha akatulia lakini akabaki anakoroma kifuani, naye aende. Mbegu ikiwa kwenye njia ya hewa hufyonza unyevu na kuvimba. Awepo ukumbini mtu mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza ya kupaliwa, na ajulikane ni nani kabla hamjaanza.

Sauti iliyokauka baada ya kupiga kelele ni uvimbe wa nyuzi, na kwa kawaida huisha kwa siku chache za kuongea kwa upole. Usimwambie anong'one, kwa wengi kunong'ona huzikaza zaidi. Ikipita wiki tatu, au kila jioni sauti inakwisha, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Inaweza kuwa vinundu vidogo kwenye nyuzi, na kwa watoto vingi hutibika kwa mafunzo ya sauti bila kisu. Pumzi yenye mlio mkali anapovuta hewa, kushindwa kumeza, au sauti kukauka ghafla baada ya kupigwa shingoni, hayo hayangoji wiki tatu. Ukibaki na shaka kati ya kusubiri asubuhi na kwenda usiku, na jambo lenyewe ni la kupumua au la sumu, nenda usiku.